Ni Nani Alipaye Deni la Moshi?

Hitilafu ya maoni si msiba. Watu wawili wakiitazama nyumba moja, mmoja akisimama mashariki na mwenzake magharibi, kila mmoja huona ukuta wake, na wote wawili husema kweli. Msiba huanza pale mmoja anapodai kuwa nyumba haina ukuta mwingine ila ule aliouona yeye. Katika insha hii nataka tulitazame jambo moja ambalo mataifa makubwa na madogo yanahitilafiana juu yake, nalo ni ahadi za kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa ya dunia. Wataalamu wa hewa wamekwisha kufanya kazi yao, na sehemu iliyobaki ni yetu sote, maana ni sehemu ya haki. Je, mtu ambaye hakuwasha moto anapaswa kusaidia kuuzima? Na kama anapaswa, je, wajibu wake ni sawa na wajibu wa yule aliyeuwasha?

Ili swali hili lisielee angani kama tiara, nitalifunga mahali panapojulikana. Mahali penyewe ni Habaswein, mji wa Kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, katika njia itokayo Garissa kwenda Wajir. Jina la mji huo ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi kubwa. Karibu nao ndipo unapofia Mto Ewaso Nyiro. Mto huo huzaliwa katika miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika nchi kavu ya Samburu na Isiolo, kisha hutawanyika na kupotea katika kinamasi cha Lorian. Zamani kinamasi hicho kilikuwa kimbilio kubwa la mifugo wakati wa kiangazi. Siku hizi kimenywea sana, na ipo miaka ambayo maji hayakifikii. Wakazi wengi wa huko ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mali yao hutembea kwa miguu. Malisho ndiyo benki yao, na mvua ndiyo mshahara wao.

Mshahara huo ulikosekana kwa muda mrefu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kisha, mwisho wa mwaka 2023, mvua ikaja kwa ghadhabu, na nchi iliyokuwa ikililia maji ikalia kwa sababu ya maji. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, kundi la wanasayansi waliouchunguza ukame wa Pembe ya Afrika lilitangaza kuwa ukame wa namna ile umerahisishwa kutokea, walau mara 100 zaidi, kwa sababu ya joto ambalo wanadamu wameliongeza duniani. Maelezo yao hayakuwa magumu. Mvua ilipungua, na joto likainyonya hata ile kidogo iliyonyesha kabla mizizi haijainywa.

Asili ya joto hilo inajulikana. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupanda juu ikaizunguka dunia kama blanketi, na sehemu yake kubwa hudumu kwa karne nyingi. Moshi uliotoka katika mabomba ya viwanda vya Manchester wakati Malkia Victoria yu hai haujaisha. Sehemu yake ingali juu ya vichwa vyetu. Blanketi hili halina mpaka. Aliyelifuma ni mmoja na anayetokwa na jasho ni mwingine.

Sharti niseme neno la insafu hapa, maana hoja nzuri huharibiwa na chumvi nyingi. Si kila punje ya vumbi la Habaswein imetoka katika mabomba ya viwanda vya mbali. Maji ya Ewaso Nyiro hupunguzwa pia na mashamba yanayomwagilia huko juu mtoni. Miti imekatwa ikawa makaa ya kupikia. Mifugo imekusanyika kwa wingi kando ya visima na kuyamaliza malisho. Haya ni matendo yetu wenyewe. Lakini mgonjwa mwenye maradhi mawili hatibiwi kwa kuambiwa kuwa moja ni la kujitakia.

Sasa tutazame mizani. Hewa ya ukaa ambayo Kenya huitoa kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe haifiki sehemu 1 katika kila sehemu 1,000 zitolewazo ulimwenguni. Mtu mmoja wa Australia, kwa wastani, hutoa zaidi ya mara 30 ya mtu mmoja wa Kenya. Mfugaji wa Wajir asiye na gari, asiye na kiwanda, tena ambaye labda hajapata kupanda ndege, hana hesabu ya kutajwa. Hata hivyo yeye ndiye wa kwanza kuzika mifugo.

Mataifa yaliliona jambo hili zamani. Katika mkutano wa Rio de Janeiro mwaka 1992 yalikubali kuwa wajibu wa kuilinda hewa ni wa wote, lakini mizigo yao si sawa. Mwaka 2015 yalikutana Paris, na kila taifa likatakiwa kutaja ahadi yake lenyewe. Kenya nayo ikataja. Ilikadiria kuwa, mambo yakiachwa yaende kama yanavyokwenda, gesi za joto za nchi hii zingefika tani milioni 143 kwa mwaka ifikapo mwaka 2030. Iliahidi kupunguza asilimia 30 ya makadirio hayo, na mwezi wa Desemba mwaka 2020 ikaipandisha ahadi yake ikawa asilimia 32. Gharama ya kazi yote, pamoja na ile ya kuwakinga watu na madhara, ilikadiriwa kuwa dola bilioni 62. Kenya ilisema kuwa itatoa asilimia 13 kutoka mfukoni mwake, na kwamba asilimia 87 itategemea msaada wa nje. Msomaji mwangalifu ataona mambo mawili. Kwanza, shabaha hii imepimwa kwa moshi uliotazamiwa kuwapo baadaye, wala haikupimwa kwa moshi uliokuwapo siku ya ahadi. Pili, sehemu kubwa ya ahadi ya Kenya imeegemea ahadi ya watu wengine.

Je, hao wengine hutimizaje ahadi zao? Tuchukue mfano wa Australia, kwa sababu ni nchi ya jua kali, majangwa na wafugaji kama kaskazini yetu, lakini ni tajiri, na huuza nje makaa ya mawe kwa wingi sana. Huko ahadi ya moshi imeyumba kama kitanda chenye tendegu moja fupi. Tarehe 1 Julai mwaka 2012 serikali ya Julia Gillard ilianza kuwatoza wenye viwanda vikubwa bei kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Tarehe 17 Julai mwaka 2014, chini ya Tony Abbott, sheria hiyo ilifutwa. Mwaka 2015 nchi hiyo iliahidi kupunguza moshi kwa asilimia 26 hadi 28 chini ya kiasi cha mwaka 2005, ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2022, chini ya Anthony Albanese, shabaha ikapandishwa kwa sheria hata asilimia 43, na mwaka 2025 ikatajwa shabaha nyingine, ya mwaka 2035, ya asilimia 62 hadi 70. Mwaka huo huo vyama vikuu vya upinzani vikaikana ahadi ya kuufikisha moshi sifuri mwaka 2050.

Hoja iliyosikika mara nyingi katika ugomvi huo ni hii: Australia hutoa kiasi cha sehemu 1 tu katika kila sehemu 100 za moshi wa dunia, basi ikijinyima, dunia haitaona tofauti, na watakaoumia ni wachimbaji wa makaa na familia zao. Msomaji wa Kenya asiicheke hoja hiyo upesi, maana ni ndugu ya hoja yetu wenyewe. Sisi husema kuwa sehemu yetu haifiki 1 katika 1,000. Wao husema kuwa sehemu yao ni 1 katika 100. Kila mmoja hujipima kwa wingi wa wengine, akajiona mdogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha moshi hujazwa hivyo hivyo. Kama udogo peke yake ungekuwa udhuru, basi mataifa mengi yangeachiliwa huru, na sehemu kubwa ya moshi ingekosa mwenyewe.

Kwa hiyo hoja ya udogo haitutoshi. Ikiwa Kenya na Australia hazifanani mbele ya haki, tofauti yao sharti itafutwe mahali pengine. Mimi naiona katika mambo mawili: kile ambacho moshi ulinunua, na kile ambacho mtu angepoteza kwa kuuacha.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa India, Anil Agarwal na Sunita Narain, walionya kuwa si haki kuziweka katika hesabu moja gesi za kuishi na gesi za anasa. Mfano mzuri wa jambo hili ni ngamia. Ngamia walipelekwa Australia katika karne ya 19 kubeba mizigo jangwani. Magari yalipofika, wengi waliachiliwa, wakazaana porini hata wakahesabiwa kwa malaki. Ngamia, kama mnyama yeyote acheuaye, hutoa gesi ya methani ambayo huongeza joto. Basi mwaka 2011 lilitolewa pendekezo huko kwamba mtu atakayewaua ngamia wa porini apewe hati ya thamani kwa moshi aliouzuia. Sitasema kuwa pendekezo hilo lilikuwa la wendawazimu. Huko ngamia hao huharibu visima na ua za watu. Lakini mchukue mnyama huyo huyo umlete Habaswein. Hapa ngamia ni maziwa ya mtoto wakati ng'ombe wamekauka. Ni mahari, ni karo ya shule, ni gari la kuhamia. Gesi yake ni ile ile, na kipimo cha mtaalamu kitasoma namba ile ile, lakini namba haijui kuwa moja ni ziada na nyingine ni uhai.

Jambo hili si la mchezo kwa Kenya. Katika hesabu za taifa letu, kilimo na ufugaji ndivyo vinavyoongoza kwa kutoa gesi za joto, na sehemu kubwa hutoka katika matumbo ya mifugo. Mtu aketiye mbele ya karatasi hizo huko Nairobi anaweza kuona kuwa njia fupi ya kuitimiza shabaha ni kupunguza mifugo ya kaskazini. Kwa karatasi atakuwa amesema kweli. Kwa haki atakuwa amemtoza aliye na kidogo ili kuilinda heshima ya taifa mbele ya walio na vingi.

Wapo wanaokataa hesabu yote hii ya lawama. Wao husema: Waliouwasha moto wamekufa. Kijana aliyezaliwa Melbourne au London mwaka 2005 hakujenga kiwanda hata kimoja. Kwa nini alipe deni la babu wa babu yake? Swali hili ni zito, na jibu lake sikulitafuta mbali. Lipo katika desturi ya watu wa Wajir wenyewe. Kwa desturi ya Wasomali, mtu akimwua mwenziwe, fidia, yaani diya, hailipwi na muuaji peke yake. Hulipwa na jamaa yake wote walioungana katika mkataba wa kulipa pamoja, na kwa mtu mume kiasi cha desturi ni ngamia 100. Kila mtu wa jamaa hutoa sehemu yake, hata yule ambaye siku ya mauaji alikuwa malishoni safari ya siku tano. Hakuna anayemwita muuaji. Analipa kwa sababu amelindwa na jina la jamaa, amerithi mifugo ya jamaa, na siku atakapodhulumiwa yeye, jamaa itasimama naye. Achukuaye faida ya ukoo huchukua na madeni yake.

Mwaka 2001, baada ya mapigano ya miaka mingi, wawakilishi wa jamii za wafugaji walikutana Modogashe, si mbali na Habaswein, wakatoa azimio lililoweka, pamoja na mambo mengine, viwango vya fidia kwa mtu aliyeuawa. Hawakudai kuwa ngamia humfufua maiti. Walijua kwamba dhuluma isiyohesabiwa huzaa kisasi, na kwamba ikihesabiwa huweza kwisha.

Kijana wa Melbourne, basi, hana hatia, lakini ana deni. Barabara, hospitali na shule zilizomlea zilijengwa kwa nguvu ya makaa ya mawe, naye amezirithi. Tena diya ina fundisho jingine: apokeaye haombi sadaka. Hapigi magoti wala haimbi sifa za mlipaji. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo mwaka 2020. Kiasi hicho hakikufikiwa mpaka mwaka 2022. Mwezi wa Novemba mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na madhara. Ni hatua njema. Lakini fedha hizo zikitolewa kwa sura ya ukarimu, neno limegeuzwa: mdaiwa amevaa kanzu ya mfadhili, na mdai ameketishwa mahali pa ombaomba.

Nikiishia hapa, nitakuwa nimewapendeza wasomaji wengi wa nchi hii, lakini nitakuwa nimeitazama nyumba upande mmoja. Aliyelipwa diya hapati ruhusa ya kuwatelekeza mayatima wake. Deni la mwenye kosa ni kulipa. Wajibu wa asiye na kosa ni kutunza. Mambo haya mawili ni mbalimbali. Anayeyachanganya humdhulumu maskini kwa kumtoza asilolifanya. Naye anayejificha nyuma ya la kwanza ili alikimbie la pili huidhulumu nafsi yake.

Mabishano yetu wenyewe ya Kenya yaingie hapa. Mwaka 2016 ilitolewa ruhusa ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, cha megawati 1,050. Waliokitaka walisema kuwa Uingereza na Marekani zilitajirika kwa makaa. Kwa nini sisi tukatazwe ngazi waliyoipandia wao? Waliokipinga walitaja uvuvi, afya na mji mkongwe wa Lamu. Tarehe 26 Juni mwaka 2019 baraza la hukumu la mazingira lilifuta ruhusa hiyo, likaona kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo kilifunguliwa huko Garissa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 na zaidi. Habaswein yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa na mashine ya umeme iendeshwayo kwa dizeli, kisha jua na upepo vikaongezwa kuisaidia.

Katika hitilafu hii, wenye kusema kuwa tuna haki ya maendeleo wana haki. Kosa lao ni kudhani kuwa haki ya kufuata njia fulani huifanya njia hiyo kuwa njema. Mtoto ambaye kaka yake alikula nyama yenye sumu akanenepa kabla ya kuugua hadhulumiwi akinyimwa nyama hiyo. Hudhulumiwa akinyimwa chakula kingine. Madai yetu ya haki ni nguvu ya umeme, maji na elimu. Hatuna sababu ya kudai moshi.

Ili tuone kama tunaamini kanuni zetu wenyewe, tugeuze mizani. Mpaka sasa Habaswein imekuwa upande wa mdai. Lakini chini ya ardhi yake imelala hazina ya maji iitwayo Merti, ambayo huwanywesha pia wakimbizi wa Dadaab. Katikati yake maji ni matamu, na pembeni ni ya chumvi. Katika miaka ya 2010 ulikuwako mpango wa kuyavuta maji kutoka Habaswein kwa mabomba mpaka mji wa Wajir, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa kuwa mji huo una visima vifupi ambavyo maji yake si salama. Watu wengi wa Habaswein waliupinga. Waliogopa kuwa maji matamu yakivutwa kwa nguvu, ya chumvi yatajongea, na visima vya mifugo vitaharibika. Watu wa Wajir nao walikuwa na kiu, na kiu haina subira.

Tazama jinsi watu walivyobadilishana viti. Aliyekuwa na kidogo sasa ana kitu, na jirani yake amesimama mlangoni. Je, Habaswein ijibu kama Australia, kwamba kwanza ni watu wangu? Au Wajir iseme kama mwenye nguvu, kwamba sisi ni wengi, toeni? Majibu yote mawili ni ya dhuluma. Desturi ya kisima inafundisha njia ya kati. Mwenye kisima hutambuliwa, na kazi yake ya kuchimba huheshimiwa. Mgeni mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Kundi kubwa la mifugo hungoja zamu, na kisima kikionyesha kuchoka, wote hupunguza. Kwa maneno mengine: uhai kwanza, kisha haki ya aliyetaabika, kisha zamu, na mwisho hali ya kisima chenyewe humtawala kila mtu. Anga ni kisima cha namna hiyo. Tofauti ni moja: waliofika mapema walinywesha makundi yao yote, wakaoga, wakafua, kisha wakawaambia waliofika nyuma kuwa maji yamekaribia kwisha, kila mtu ajinyime sawa.

Limebaki swali la namna ya kuhitilafiana. Kanuni ya kwanza ni kutenganisha jambo la ukweli na jambo la mzigo. Kama joto linaongezeka au haliongezeki, hilo halipigiwi kura. Kipimajoto hakina chama. Lakini nani ajinyime, kiasi gani, na kwa muda gani, hayo ni mambo ya wananchi, na serikali isijifiche nyuma ya wataalamu ili isiulizwe. Kanuni ya pili ni kwamba atakayebeba mzigo awepo wakati mzigo unapofungwa. Mwezi wa Januari mwaka 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za wanyama zilianzishwa kinyume cha sheria, pasipo kuwashirikisha wenyeji ipasavyo. Na mojawapo ilikuwa katika mradi mkubwa wa kuuza hati za hewa ya ukaa, ambao uliyagusa malisho ya wafugaji. Mradi unaweza kuwa na nia njema ya kuiponya anga, lakini dawa hupewa mgonjwa aliyeridhia.

Kanuni ya tatu nimeikopa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilipigana vita vikali. Wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, hawakungoja mpaka koo zimalize hoja zao zote. Walianza na soko: walihakikisha kuwa mwanamke wa ukoo wowote aweza kuuza na kununua bila kutishwa. Hitilafu za koo hazijaisha, lakini soko likawa salama, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi azimio la amani liitwalo Al-Fatah. Mfano huo watufaa. Mataifa yanaweza kuendelea kubishana juu ya hesabu ya deni kwa miaka mingi, lakini yapo mambo ambayo hayangoji hesabu: kumfikishia mfugaji habari ya ukame kabla haujafika, kuchimba na kutunza visima, kuilinda miti iliyobaki, na kutoongeza moshi mahali ambapo jua laweza kufanya kazi ile ile.

Nimeuliza mwanzoni kama mtu ambaye hakuwasha moto anapaswa kusaidia kuuzima. Jibu langu ni ndiyo. Huuzima kwa sababu nyumba ni yake pia. Lakini asiambiwe kuwa maji, ndoo na majeraha ni juu yake peke yake, wala aliyeuwasha asihesabu kila ndoo anayoileta kuwa zawadi.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi mtakuwa watu wazima wenye kura wakati shabaha za mwaka 2030 zitakapopimwa, na wengi wenu mtakuwa wazazi wenye watoto wakubwa ufikapo mwaka 2050. Mtaombwa kura na watu watakaowaambia kuwa moshi ni kosa la wengine tu, na na watu watakaowaambia kuwa ni mzigo wenu sawasawa na wa tajiri. Waulizeni wote wawili maswali yale yale: Nani alifaidi? Nani ataumia? Je, yule atakayeumia ameulizwa? Yupo mfugaji wa Habaswein ambaye hatasikia hotuba hizo, kwa kuwa atakuwa njiani na ngamia wake akitafuta maji. Pigeni kura kama kwamba amesimama karibu nanyi.